Asubuhi ya Kuhesabu Wadudu

Leonie Hartigan alifika bustanini saa moja na nusu asubuhi, akafungua banda la halmashauri, akatoa trei nyeupe kumi na mbili, vimia ishirini vya watoto vya kunasia wadudu majini, na gunia la makopo ya aiskrimu yaliyochorwa macho. Kazi hii alikuwa ameifanya kila Jumamosi ya likizo ya machipuko kwa miaka tisa. Mikono yake iliijua hata pale kichwa kilipokuwa hakipo, na tangu Aprili kichwa kilikuwa hakipo mara nyingi.

Kuhusu makopo, hakuna mtu wa mji wa Merriwong anayehitaji kuelezwa. Machipuko yakiingia, magpai, yule ndege mweusi mwenye mabaka meupe mgongoni, hujenga kiota juu ya mikaratusi, na dume lake hugeuka jambazi. Huja kwa nyuma, bila salamu, na hulenga kichwa. Basi watu wazima wenye akili zao timamu, wanaolipa kodi na kupiga kura, huvaa kopo la aiskrimu kichwani lenye macho mawili makubwa kisogoni, maana ndege huyo hapendi kutazamwa. Wageni hucheka. Hucheka mpaka wadonolewe, kisha huuliza kopo linapatikana wapi.

Binti yake, Tamsin, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa ameshavaa la kwake. Alikuwa anapanga vimia kwenye nyasi, virefu huku, vifupi kule, na hakuna aliyemwomba. Asubuhi hiyo alikuwa amejitengenezea mkate, akaufunga mwenyewe, akafuta meza. Mtoto wa namna hiyo majirani humsifu sana. Ni haki pia kuuliza amejifunza wapi, na kwa nini haraka hivyo, lakini swali hilo lilikuwa halijamfikia mama yake.

Kwenye benchi alikaa Glenys, mama mkwe wa Leonie, suruali yake nzuri ya rangi ya krimu imenyooshwa, mkoba mapajani. Alikuwa amekuja kutoka pwani siku ya Alhamisi, mwendo wa saa tatu kwa gari, na jioni hiyohiyo, mtoto akiwa chumbani, alisema alichokijia. Muhula ungeanza Jumatatu. Shule ya karibu na kwake ilikuwa na nafasi. Amchukue Tamsin akae naye, mwaka mmoja, labda miwili, mpaka mama yake asimame tena.

"Sikulaumu, Leonie," alisema. "Ila nyumba hii ni baridi. Nipe jibu Jumamosi. Tukitoka bustanini naondoka, ama naye, ama peke yangu."

Leonie alikuwa ameshika kikombe cha chai iliyopoa. Alijibu, "Sina nguvu ya kusumbuliwa na mtu, Glenys. Hata huyo. Nitakwambia Jumamosi." Lakini jibu alikuwa nalo tayari, nalo lilikuwa ndiyo. Alilifikia kama mtu anavyokumbuka kuwa kesho ni siku ya kutoa pipa la taka. Akangoja limchome, halikumchoma. Akaenda kulala, akalala vizuri.

Rowan, mumewe, alikufa mwezi wa Aprili akikata majani nyuma ya nyumba. Moyo ulisimama. Leonie alikuwa jikoni akisikia mashine ikinguruma, na ikachukua muda kabla hajatambua kuwa ilikuwa inangurumia mahali pamoja. Rowan alikuwa mtoto pekee wa Glenys. Siku ya mazishi Leonie hakulia, wala wiki iliyofuata, na mjini wakasema huyu mwanamke ni jasiri. Jasiri wapi! Ganzi si ujasiri. Mtu akikalia mguu mpaka ukafa ganzi hatumwiti shujaa kwa sababu hasikii mwiba. Yeye mwenyewe alijua hivyo, na kulijua hilo nako hakukumuuma.

Saa tatu familia zikaanza kuingia. Wapo waliokuja na baiskeli, wenye kofia ngumu zilizochomekwa vijiti vya plastiki vya kumzuia ndege mpaka wakafanana na nungunungu. Mzee Neville, mfanyakazi wa kujitolea, aliwasha jiko la gesi na kuanza kukaanga soseji na vitunguu, kama kawaida yake, mapema kupita kiasi.

"Neville, saa tatu hii nani anakula soseji?" Leonie alimuuliza, kwa kuwa ndivyo walivyotaniana kila mwaka.

"Mimi," alisema Neville. "Wengine watanionea wivu."

Watu wakacheka. Leonie naye akacheka, kwa wakati unaofaa. Aliwakusanya watoto, akawaambia yale yale. Leo tutateremka mtoni. Tutachota matope kwa vimia, tutayamwaga kwenye trei, tutatafuta wadudu. Kila mdudu ana alama zake. Yule asiyevumilia uchafu hata kidogo, akiwemo mtoni, tunampa kumi. Mnyoo mwekundu anayeishi popote, hata kwenye mtaro wa maji machafu, tunampa mbili. Tukipiga hesabu tutajua kama maji yetu ni mazima.

"Kwa hiyo mnyoo ndiye hodari zaidi!" alisema msichana mmoja mwenye mapengo. "Yeye hafi!"

"Ni hodari," Leonie alikubali.

"Sasa mbona anapata mbili?"

"Kwa sababu hatuambii kitu. Akiwepo, hujui kama maji ni mazuri au mabaya." Jibu hilo alilitoa kila mwaka. Akageuka kwenye jambo la pili, ambalo kwake ndilo kubwa. "Tukiteremka tunapita chini ya mkaratusi wa tatu. Juu yake kuna magpai, na ana makinda. Sheria ni tatu. Hatukimbii. Hatupungi mikono wala vijiti. Na makopo hayavuliwi mpaka tufike majini. Tumeelewana?"

"Tumeelewanaaa!"

"Na wazazi?"

"Tumeelewana," walisema wazazi, bila nguvu, kama wazazi wa popote pale.

Glenys alikuwa amekataa kopo tangu mwanzo. "Mimi nina miaka sitini na nane," alimwambia Neville. "Nimeishi na magpai maisha yangu yote. Wa kwangu wanakuja mpaka mlango wa jikoni, wanakula mkononi. Wanaujua uso wangu. Magpai hamshambulii mtu anayemjua, ila mnayemficha uso kwa ndoo ndiye anayemtia wasiwasi."

"Wa kwako ni wa kwako, Glenys," alisema Neville, akigeuza soseji. "Huyu wetu hana adabu. Mwaka jana alimtoa damu kasisi."

"Labda alikuwa na sababu."

Neno la Glenys lilikuwa la kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo huponza watu. Magpai humjua mtu kwa uso, na akikuzoea hakugusi, hata wakati wa makinda. Lakini hukuzoea nyumbani kwako, kwa miaka, kwa vipande vya nyama vya kila asubuhi. Kwa ndege wa mji mwingine wewe ni sura ngeni tu inayokaribia watoto wake. Kila mwaka yupo mtu mzima mwenye magpai wake kwao anayelisahau jambo hili, akaondoka na plasta.

Msafara ulianza kuteremka, Leonie mbele, Neville akiachiwa jiko lake. Nyasi zilikuwa na umande, na miti midogo ya maua ya njano kando ya njia ilikuwa imemaliza kuchanua, mengi yakiwa yamedondoka. Mti wa kwanza ukapita, na wa pili, kisha wa tatu. Leonie akageuka kuhesabu vichwa, kama alivyofanya siku zote, na hapo akaona.

Nyuma kabisa ya mstari Glenys alikuwa amesimama na Tamsin. Alikuwa amefungua mkoba na kutoa kikopo kidogo cha nyama ya kusaga. Alikuwa anamvua mtoto lile kopo la kichwani, taratibu, akimnyooshea nywele kwa kiganja. Leonie aliona midomo yao ikisema kitu. Baadaye aliambiwa kilikuwa nini: "Mwache akuone uso, mpenzi. Akishakuona mara moja mtakuwa marafiki. Kule kwangu utakuwa nao wengi."

Umbali ulikuwa hatua ishirini. Leonie alikuwa na filimbi shingoni. Alijua ndege yuko juu, alijua nyama haitasaidia kitu, alijua wanasimama chini ya tawi lenyewe. Kulijua alilijua lote. Kilichokosekana ni ile sindano inayomchoma mtu ndani na kumwambia *sasa*. Aliwatazama kama mtu anavyotazama basi la watu wengine likiondoka. Filimbi ilikuwa inaning'inia. Sekunde tatu, labda nne.

Magpai alishuka.

Hakushukia nyama. Alipita juu ya bega la Glenys kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, akamgonga mtoto usoni, akapaa, akageuka kurudi. Glenys alipiga kelele, akaanza kuuzungusha mkoba hewani, jambo baya kuliko yote, na ndege akaja mara ya pili na ya tatu. Watoto waliokuwa mbele walisahau sheria zote tatu kwa mpigo. Hapo ndipo Leonie alipotembea. Hakukimbia, maana miguu ilikumbuka kanuni. Alifika, akamvuta mtoto kifuani, akamfunika kichwa kwa koti, akaurudia mteremko kinyumenyume huku macho yake yakimkodolea yule ndege mpaka akatulia tawini.

Waliketi kwenye nyasi, mbali na mti. Damu ilikuwa nyingi, kama ilivyo kawaida ya jeraha la juu ya nyusi, lakini jicho lilikuwa zima. Leonie alilikagua mara mbili. Alifungua sanduku la huduma ya kwanza, akasafisha, akakandamiza shashi. Wazazi walisimama pembeni nusu duara wakiwa na makopo yao vichwani, macho yaliyochorwa yakitazama upande mwingine.

"Mungu wangu, Mungu wangu," Glenys alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemvua. Tam, mwanangu, nisamehe. Lia, mpenzi, lia tu."

Tamsin hakulia. Alikaa wima, mikono magotini. Damu ilikuwa imefika kidevuni na ikawa inadondokea kwenye sweta lake.

"Niko sawa," alisema. "Si kitu, Nana. Mama, watu wanakungoja."

Leonie aliisikia sauti hiyo na akaitambua. Ilikuwa ya kwake. Ndiyo aliyoitumia dukani mtu akimshika mkono na kumuuliza anaendeleaje, ndiyo aliyomjibu nayo dada yake kwenye simu, ile ile, tambarare, yenye adabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wahenga walisema, na hawakusema inachukua muda gani. Kumbe miezi sita inatosha.

"Inauma?" alimuuliza.

"Hapana."

"Tam, nimeiona. Inauma."

"Kidogo." Mtoto alimtazama kwa jicho moja, lile lisilofunikwa na shashi. Kisha akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ndogo, ili Nana asisikie, ingawa Nana alisikia, na hata mimi ningesikia. "Sikulia. Umeona? Hata kidogo. Kwa hiyo sitaenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kwa Nana. Kukaa. Ulisema huna nguvu ya kusumbuliwa. Alhamisi. Mimi sisumbui. Nimetengeneza mkate, na vimia nimepanga, na jana nilioga mwenyewe. Na sasa hivi sikulia."

Leonie alibaki na shashi mkononi. Aliyafikiria mambo yote aliyoyaona na kuyaita utulivu: kitanda kilichotandikwa, meza iliyofutwa, mtoto asiyeuliza baba yuko wapi. Alikuwa amedhani hajamdhuru mtu kwa kutosikia kitu. Alikuwa amedhani ganzi ni jambo la mwenye nayo. Kumbe binti yake wa miaka saba alikuwa anafanya kazi usiku na mchana, bila likizo, ili aruhusiwe kubaki kwenye nyumba yake mwenyewe.

Natamani kusema kwamba hapo moyo wa Leonie ulipasuka na machozi yakamtoka. Hayakumtoka. Ndani kulikuwa kule kule. Lakini alijua la kufanya, na safari hii hakungoja sindano.

"Tam, nisikilize," alisema. "Huendi."

"Kwa sababu sikulia?"

"Hapana. Hata ukilia huendi. Hata ukivunja sahani zote za jikoni. Hata usipofua soksi yako maisha yako yote ukanuka kama mbuzi. Huendi. Hapo nyumbani ni kwako."

"Lakini wewe huna nguvu."

"Sina," alisema Leonie. "Mimi siko sawa, Tam. Baba amekufa na mimi nimekuwa kama gogo. Sisikii kitu. Hilo ni la kwangu, si kosa lako. Nisumbue. Tafadhali nisumbue."

Mtoto alimkagua uso kwa muda, kama anayetafuta mtego. Kisha mdomo wake ulianza kupinda, taratibu, ukakataa, ukapinda tena, na kilio kikatoka. Hakikuwa kilio cha jeraha. Kilikuwa cha Aprili, cha Mei, cha miezi yote, na kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wale watoto wengine walisogea nyuma ya mama zao. Alimpiga mama yake ngumi za kifua. Alisema, "Inauma! Inauma! Nataka baba!" Kamasi na damu viliingia kwenye nywele za Leonie. Yule msichana mwenye mapengo aliuliza kwa sauti, "Mbona analia sasa wakati ameshadonolewa zamani?" na mama yake akamziba mdomo.

Leonie alimshika. Alisikia uzito wake na joto lake na mifupa ya mgongo ikipanda na kushuka. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Aliendelea kumshika.

Wazazi walianza kuondoka mmoja mmoja, wakinong'ona, wakijifanya wanatafuta soseji. Glenys alibaki amesimama, suruali ya krimu imepata madoa, kile kikopo cha nyama bado mkononi.

"Nimesikia," alisema. "Basi. Nimeelewa." Akakohoa. "Ila utaweza, Leonie? Nakuuliza kwa wema. Utaweza?"

"Sijui."

"Hujui."

"Uliniona pale njiani. Niliwaona mnavua kopo, Glenys. Nilikuwa na filimbi. Sikupuliza." Alilisema bila kuinua sauti, juu ya kichwa cha mtoto. "Kwa hiyo sijui. Nimemshika hapa na sisikii. Lakini haendi."

Mtu angedhani Glenys atakasirika, na haki angekuwa nayo. Uso wake ulikuwa umechoka tu. Leonie alimtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimwona: mwanamke wa miaka sitini na nane aliyekuwa na mwana mmoja, aliyeendesha gari kwa saa tatu kwenda kumzika na kwa saa tatu kurudi kwenye nyumba ambamo wanaomjua uso ni ndege. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye, Leonie, hakuwahi hata siku moja kumpigia simu kumuuliza umelalaje.

"Usiondoke leo," alisema.

"Nini?"

"Yeye haendi. Wewe kaa. Mimi nitamshika, na nikishindwa kuona, wewe utaona. Chumba kipo."

"Mimi nina nyumba yangu," alisema Glenys. "Nina miadi ya daktari wa meno Jumanne. Nina wale ndege, nani atawapa nyama?" Alikuwa anaongea haraka, akitafuta kitu cha nne, na hakukipata. Sauti yake ikabadilika. "Unajua, tangu Aprili watu wananiletea chakula mlangoni. Chakula kingi sana. Wanakiacha, wanapunga mkono, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kaa."

"Kaa," alisema Leonie.

Kutoka juu Neville aliita kuuliza kama mtoni bado kunaendewa. Glenys aliweka kikopo cha nyama chini. Akaikunja ile suruali ya krimu magotini kwa uangalifu, kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kuokoa, kisha akaketi kwenye nyasi mbichi. Tamsin alikuwa bado analia, uso wake umezama kwa mama yake, hana mkono wala shavu la kumpa mtu mwingine. Glenys alinyoosha mkono, akatafuta pa kushika, akakishika kiatu chake cha mpira chenye matope, maana ndicho kilichokuwa karibu. Akakikamata kwa mikono miwili, naye akaanza kulia.